Maji Yote Haya Yanatoka Wapi? Sayansi ya Sandwichi za Tango Zinazolowa

Hebu nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula huku Kentucky, Marekani, nilialikwa kwenye sherehe ya Derby. Kama huijui, Kentucky Derby ni mashindano ya mbio za farasi yanayofanyika mjini Louisville tangu mwaka 1875, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mbio zenyewe huchukua kama dakika mbili tu. Kula na kunywa kunachukua siku nzima.

Kila mgeni aliambiwa alete kitu, na mimi nikapangiwa *benedictine*. Ni kitu cha kupaka mkate: jibini laini ya krimu iliyochanganywa na tango na kitunguu, yenye rangi ya kijani hafifu. Watu wa Louisville wanaipaka kwenye sandwichi ndogo zilizokatwa kingo, au wanachovya biskuti za chumvi. Nikasema moyoni, jamani, tango na jibini, kitu gani hapo cha kumshinda mwanafunzi wa sayansi ya chakula? Nikakatakata tango vipande vidogo vidogo, nikatia kwenye jibini na kitunguu, chumvi, nikakoroga. Ikapendeza kweli. Nikapaka sandwichi ishirini usiku, nikaweka kwenye friji, nikalala.

Asubuhi mkate ulikuwa umelowa chapachapa. Bakuli la akiba lilikuwa na dimbwi la maji juu. Mama mmoja jirani yangu, Mkongo kutoka Uvira (Louisville ina Wakongo wengi, Kiswahili unakisikia hata kwenye basi), alikuja kuniazima sufuria, akachungulia bakuli, akaniuliza: "Binti, hii maji yote inatoka wapi?"

Swali zuri sana. Nilikuwa sijaweka hata tone moja la maji. Makala hii ni jibu langu kwa mama yule, nimechelewa kidogo.

Kwanza, nani aliyeanzisha jambo hili?

Jina halitokani na watawa Wabenedikto wala na yale mayai ya hotelini. Linatokana na Jennie Carter Benedict, mpishi na mfanyabiashara wa Louisville aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1928. Alianza biashara ya kupikia watu sherehe mwaka 1893, na baadaye akafungua mgahawa mjini. Aliandika pia kitabu cha mapishi, *The Blue Ribbon Cook Book*, lakini cha kushangaza ni kwamba kitu kilichobeba jina lake hakikuwemo humo. Kiliingizwa baada ya muda mrefu, chapa mpya ilipotolewa na University Press of Kentucky mwaka 2008.

Vipimo vinavyohesabiwa kuwa vyake ni hivi:

- jibini laini ya krimu, aunsi 8 (takribani gramu 227), ikiwa imelainika
- juisi ya tango, vijiko vikubwa 3
- juisi ya kitunguu, kijiko kikubwa 1
- chumvi, kijiko 1 cha chai
- pilipili kali ya unga, punje chache
- rangi ya kijani ya chakula, matone 2

Umeona? Hakuna vipande vya tango. Ni *juisi* tu. Unamenya tango, unalikwaruza kwenye greta, unalifunga kwenye kitambaa safi na kulikamua. Makapi huyahitaji.

Niliposoma hayo mara ya kwanza niliona haviingii akilini. Tatizo langu lilikuwa maji, sasa huyu bibi ananiambia niweke juisi? Si itakuwa uji? Lakini ya kwake haitoi maji, na yangu yenye vipande ilitoa. Ili kuona kwa nini, inabidi tupige hesabu kidogo. Usikimbie, ni hesabu ya shule ya msingi.

Bahari ndani ya bakuli

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani ni kama gramu 6. Sasa tuangalie maji. Kwa kanuni za Marekani, jibini ya krimu hairuhusiwi kuwa na maji zaidi ya asilimia 55, kwa hiyo gramu 227 zina maji yasiyozidi gramu 125. Ongeza juisi ya tango na kitunguu, vijiko vinne vikubwa kwa jumla, ambavyo ni kama gramu 57 za maji. Jumla tunapata takribani gramu 180.

Gramu 6 za chumvi ndani ya gramu 180 za maji: ni asilimia 3 na kidogo. Maji ya bahari yana chumvi takribani asilimia 3.5.

Yaani kipande cha tango ukikitia kwenye mchanganyiko ule ni kama umekitupa Bahari ya Hindi. Na wewe unajua kiu inavyokuwa ukinywa maji ya bahari.

Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi. Maji hayo yamehifadhiwa ndani ya seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini unazuia chumvi na sukari nyingi. Maji hupita kutoka upande wenye chumvi na sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi, mpaka pande mbili zikaribiane. Hiyo ndiyo osmosisi uliyoikariri kidato cha pili. Ndani ya seli za tango kuna vitu vichache vilivyoyeyuka, na nje kuna bahari. Kwa hiyo maji yanatoka. Hayatoki kwa mkupuo, yanatoka polepole, saa baada ya saa, wakati wewe umelala.

Mimi niliweka kama gramu 150 za vipande. Ndani yake kuna zaidi ya gramu 140 za maji. Hata kama ni theluthi moja tu iliyotoka usiku ule, hizo ni gramu 47 hivi, sawa na vijiko vikubwa vitatu.

Rudi juu uangalie vipimo vya Jennie Benedict. Vijiko vikubwa vitatu ndicho kiasi *chote* cha juisi ya tango alichoruhusu. Yeye aliyapima maji akayachanganya mwanzoni. Mimi niliyaingiza kwa siri, bila kuyapima, na yakafika jibini ilipokwisha kutulia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Nimekulia Morogoro, na nyumbani hakuna anayetengeneza kachumbari bila kuvikamua vitunguu kwa chumvi kwanza na kumwaga maji yake. Kazi hiyo nimeifanya tangu nina miaka minane. Nikaja kusoma osmosisi darasani, nikafaulu mtihani, na sikuunganisha mambo hayo mawili hata siku moja.

Kwa nini jibini inaimeza juisi?

Swali linalobaki: vile vijiko vinne vya juisi vinaenda wapi? Kwa nini havielei juu kama dimbwi langu?

Jibini ya krimu ukiiangalia kwa hadubini si kitu kimoja. Ni mtandao wa protini ya maziwa iitwayo kaseini, ambayo imegandishwa na asidi inayotengenezwa na bakteria wazuri, kama inavyotokea kwenye mtindi. Ndani ya mtandao huo kuna matone madogo sana ya mafuta (kanuni za Marekani zinadai mafuta yasipungue asilimia 33), na katikati yake kuna maji. Jibini nyingi za kiwandani zimeongezwa pia unga wa mbegu za karobu au gundi nyingine za mimea zinazoshika maji. Fikiria sponji yenye mafuta. Sponji hii ina nafasi ya kushika maji zaidi, ila nafasi hiyo ina kikomo, na inahitaji uikoroge ili maji yasambae kila mahali.

Juisi ukiiweka mwanzoni, jibini ikiwa laini, ukakoroga kwa uma, inasambaa na kushikwa. Maji yanayotoka kwenye vipande usiku wa manane hayana mkorogaji. Yanakusanyika pembeni ya kila kipande, yanatafuta njia, na njia iliyo karibu ni mkate.

Hapa pia ndipo penye sababu ya kutotumia blenda. Visu vyake vinaukatakata ule mtandao wa protini na kuyapiga matone ya mafuta, na mtandao ukishavunjika hauna tena nguvu ya kushika. Utapata kitu cha kumimina, si cha kupaka. Uma na mkono wako vinatosha.

Na ladha je? Juisi peke yake inatosha?

Inatosha, tena sana. Harufu ya tango haimo ndani ya tango zima. Shika tango ambalo halijakatwa, linuse: karibu hakuna kitu. Likate, nyumba nzima inajua. Unapolikata au kulikwaruza unapasua seli, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa vinakutana na asidi za mafuta na kuzivunja kuwa molekuli ndogo za kundi la aldehidi. Hizo ndizo harufu ya tango tunayoijua. Kadiri unavyopasua seli nyingi, ndivyo harufu inavyozidi, na greta inapasua seli nyingi kuliko kisu.

Molekuli hizo zinapenda mafuta kuliko maji. Kwa hiyo zikiingia kwenye jibini yenye theluthi moja ya mafuta, zinashikwa humo na kutoka polepole mdomoni. Ndiyo maana ukiacha mchanganyiko upumzike saa moja kwenye friji, ladha inatulia na kuwa moja.

Kitunguu ni hadithi ileile ya kupasua seli, ila kwake zinatoka molekuli zenye salfa, zile zinazokuliza. Zina nguvu, ndiyo maana kijiko kimoja kinatosha. Usiongeze kwa huruma.

Na rangi? Ule ukijani mwingi wa tango uko kwenye ganda, na ganda umelimenya. Hata ukiliacha, asidi ya jibini inaibadilisha klorofili taratibu na kuifanya ya kahawia-kijani, kama mboga iliyopikwa na ndimu. Kwa hiyo matone mawili ya rangi ya chakula ni ya macho tu. Mimi siweki. Watu wa Louisville wananinunia kidogo, wanazoea.

Swali lililonishinda kujibu

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya.

Mwaka uliofuata, yule mama jirani alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Akaniomba nilete "ile kitu yako ya tango, lakini ikamue." Nikaikamua. Ilikaa vizuri, mkate mkavu, kila mtu kafurahi. Kisha dada yake bibi harusi, mwenye mimba ya miezi sita, akanisogelea na sahani yake akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mimi naweza kula?"

Nilikuwa na shahada ya sayansi ya chakula mkononi na sikuwa na jibu la haraka. Na nilikumbuka kitu kibaya: mwaka uliotangulia, kwenye Derby, bakuli langu lilikaa juani karibu saa tano. Hakuna aliyeugua, lakini ilikuwa bahati tu. Sikuwa nimefanya chochote kuizuia hatari.

Nilimwambia asile, kwa sababu sandwichi zilikuwa zimeshakaa mezani muda mrefu. Nikampakulia pilau ya moto. Jibu kamili ni hili.

Jibini ya krimu ya dukani, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, kwa kawaida haina shida kwa mjamzito. Ina asidi ya kutosha kuwasumbua bakteria wengi. pH yake ni kama 4.4 hadi 4.9. Lakini ukishaiongezea juisi ya tango, ambayo asidi yake ni ndogo, umefanya mambo matatu kwa pamoja: umepunguza ukali wa asidi, umeongeza maji, na umeleta kitu kibichi kutoka shambani. Hiyo si jibini tena. Ni chakula kipya, na lazima ukitazame upya.

Tango linaota karibu na udongo, na ganda lake linaweza kubeba vijidudu. Mwaka 2015 hapa Marekani, matango yenye *Salmonella* yaliwaugua watu 907 katika majimbo 40, na 6 wakafariki. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu kinavivuta vijidudu mpaka ndani. Kwa hiyo osha tango kwa maji safi yanayotiririka, ukilisugua, *kabla* ya kulimenya, hata kama ganda unalitupa.

Kwa mjamzito, anayetutia hofu zaidi ni bakteria aitwaye *Listeria monocytogenes*. Mtu mzima mwenye afya anaweza asihisi kitu kikubwa, lakini kwa mjamzito anaweza kufika kwa mtoto na kusababisha mimba kuharibika. Na ana tabia mbili mbaya. Ya kwanza, anakua hata ndani ya friji, ingawa polepole. Ya pili, havumi mbele ya chumvi: ile "bahari" yetu ya asilimia 3 haimshtui kabisa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ina chumvi, haiharibiki" au "ilikuwa kwenye friji wiki nzima, ni salama", mwambie hapana.

Halafu kuna muda. Bakteria wengine, wakipata joto na chakula wanachopenda, wanaweza kugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Mmoja akianza, baada ya saa mbili ni 64. Baada ya saa tano ni 32,768. Kwenye chakula chenye asidi kama hiki mwendo ni mdogo zaidi, lakini mkondo ni uleule: saa za mwisho ndizo zenye madhara, si za kwanza. Ndiyo maana kanuni inasema chakula cha aina hii kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu. Kama uko Dar es Salaam mwezi Februari, au Mombasa, au Muscat miezi ya joto, hesabu saa moja.

Namna ninavyoifanya sasa

Osha mikono, tango na greta. Tumia kitambaa kilichofuliwa na kukauka, si kile cha kufutia meza. Menya tango, onja kipande cha upande wa kikonyo. Likiwa chungu, tafuta jingine, maana uchungu huo haukamuliki. Kwaruza, kamua, pima vijiko vitatu. Fanya hivyohivyo na kitunguu. Koroga na jibini kwa uma. Mimi naanza na nusu kijiko cha chumvi, naonja, ndipo naongeza.

Kama unapenda vipande vya kutafuna, ruksa, ila vitie chumvi pembeni kwanza, viache nusu saa kwenye chujio, vikamue, ndipo uvichanganye. Halafu usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Unataka bahari ifanye kazi yake nje ya bakuli.

Jibini ya krimu kwetu ni ghali, najua. Chukua mtindi mzito wa maziwa yaliyochemshwa, ufunge kwenye kitambaa safi, uuning'inize ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli. Wenzetu wa nchi za Ghuba wanaijua kama labneh. Ina mafuta machache, kwa hiyo harufu ya tango haishikwi sana, lakini ina asidi nyingi zaidi, na hilo ni jambo jema. Punguza juisi iwe vijiko viwili, kwa sababu sponji yake ni dhaifu.

Mkate upake siagi kwanza, mpaka kwenye kingo. Si kwa ladha tu: maji hayapiti kwenye mafuta kirahisi, kwa hiyo siagi ni koti la mvua la mkate. Biskuti za chumvi usizipake mapema hata kidogo. Zina maji chini ya asilimia 5, mchanganyiko wako una zaidi ya 60, na maji yatakimbilia kule kuliko kukavu. Weka bakuli, kila mtu ajipakie.

Na bakuli lenyewe ligawe: nusu mezani juu ya sahani ya barafu, nusu kwenye friji. Ya mezani ikimaliza muda wake, itupe, lete nyingine. Kama kuna mjamzito, mzee sana au mgonjwa, mpakulie kutoka kwenye friji, iliyotengenezwa siku hiyohiyo, kabla wengine hawajaanza.

Ndivyo tulivyofanya kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto wa dada yule. Safari hii alikula nne, za kwanza kabisa kutoka kwenye friji, na mama yake akafungua kila sandwichi kuangalia kama mkate umelowa.